Neno Lililo Karibu na Damu

Mwanamke yule aliingia kituoni saa mbili na robo asubuhi bila kubisha hodi. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba, na mikono yake ameificha ndani ya kitenge kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

"Nimekuja kusikia nilichosema," alisema.

Inspekta Baaba Ghartey aliinua macho kutoka kwenye jalada. Alikuwa amefika Abrobekrom jana jioni kutoka makao makuu ya mkoa. Kazi aliyotumwa ilikuwa ya nusu siku: kulikagua jalada la kifo cha Egya Otoo, mpima mananasi aliyekutwa Jumapili alfajiri nyuma ya banda la mizani na kichwa kimepasuka, kulitia sahihi, kisha kulipeleka mkoani pamoja na mahabusu. Mahabusu alikuwa mwalimu wa shule. Mashahidi walikuwa watano.

"Ulichosema wapi, Maame?"

"Si ndilo ninalouliza? Leo nimekwenda kisimani, mwanamke mmoja akaniambia, 'Hongera, Tsetsewa, nasikia umemfunga mwalimu.' Nikamwuliza, nimemfunga kwa kamba gani? Akasema, kwa mdomo wako. Basi nimekuja kuusikiliza mdomo wangu."

Kwenye kaunta, Sajenti Dzokoto aliacha kukoroga uji wake.

Baaba alifunua jalada. Maelezo ya nne: Araba Tsetsewa, mtengeneza sabuni, asiyejua kusoma. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, iliyokaa vizuri.

"Yameandikwa kwa Kiingereza, Maame."

"Kiingereza mimi najua kuamkia asubuhi tu, na huwa naamkia nacho jioni. Nisomee."

Baaba akamsomea kwa Kifante, neno kwa neno. Kwamba Jumamosi saa kumi na moja jioni aliwaona mwalimu Ato Abakah na marehemu Egya Otoo kando ya banda la mizani. Kwamba kati yao kulizuka... Akasita. Mbele yake palikuwa na neno "altercation", na Kifante hakikuwa na kitu cha kulingana nalo sawasawa. "Kwamba walizozana vikali," alisema hatimaye, "kiasi cha kukaribia kupigana."

"Jumamosi?" Mwanamke alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Mwanangu, nani hukaa nyumbani Jumamosi, siku ya mazishi? Nilikuwa kijijini kwa mama yangu, tunamzika shangazi. Ngoma zote zilinishuhudia. Nimerudi jana usiku." Akatazama dirishani. "Naomba ufunge dirisha hilo."

Nje hapakuonekana kitu ila vumbi jeupe la upepo wa kaskazini, lililofanya hata jengo la posta ng'ambo ya barabara kuwa kivuli. Baaba alifunga dirisha.

"Nionyeshe mikono yako."

Mwanamke aliitoa polepole. Ilikuwa imebabuka na kupona, ikababuka na kupona tena, kwa miaka thelathini ya maji ya majivu ya maganda ya kakao. Ncha za vidole zilikuwa laini na zinang'aa kama kokwa iliyomung'unywa.

Baaba alivuta kibweta cha wino. "Bonyeza hapa. Sasa hapa."

Kwenye karatasi lilitokea doa jeusi. Alimfuta kwa mafuta ya taa, akamkausha, akambonyeza tena kidole kingine, kisha kingine. Doa, doa, doa. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Inspekta aliiweka karatasi hiyo kando ya maelezo ya nne, penye alama nzuri yenye mistari inayozunguka kama duara la kikapu.

"Sajenti, huyu mama alipata kuja hapa?"

"Hapana, Madamu."

"Mashahidi wengine wanne?"

Dzokoto alisimama wima. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. "Madamu, mimi natoka ng'ambo ya Volta. Kifante changu ni cha kununulia samaki. Tangu nihamishiwe hapa, mwandishi wa barua ndiye mkalimani wangu. Watu humweleza yeye, yeye huandika kwa Kiingereza, hubonyeza vidole, huniletea. Kila kituo hufanya hivyo."

"Ulimwona hata mmoja wao akibonyeza?"

"Niliiona karatasi."

"Na hukushangaa kuona watano wametumia sentensi ileile?"

"Hilo si ajabu, Madamu, samahani. Hicho ni Kiingereza cha polisi. Nani amewahi kuandika kwamba watu walitukaniana mama zao? Wanatukaniana mama saa nzima, mmoja anavuliwa kofia, mwingine anaitwa mbuzi, sisi tunaandika 'altercation' tunakwenda kula."

Baaba hakubisha. Yeye mwenyewe aliliandika neno hilo mara zisizohesabika. Sentensi moja midomoni mwa watu watano haikuthibitisha lolote mbele ya hakimu. Alichukua lenzi, akaziinamia zile alama tano za vidole.

Ya kwanza imebonyezwa wima. Ya pili imelala upande. Ya tatu iko kichwa chini. Lakini katika kila moja, mstari mweupe ulikatiza ile mizunguko kwa mshazari, mfupi, kama sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa. Lilikuwa kovu. Watu watano, dole moja.

"Nipe dole gumba lako, Sajenti."

Dzokoto aliunyosha mkono. Baaba alilitazama dole gumba la kulia, akalitazama la kushoto. Hapakuwa na kovu.

"Kaa chini, baba," alisema kwa upole. "Kunywa uji wako."

"Hauteremki tena, Madamu."

Walimhamishia Tsetsewa kwenye benchi lililo mbali na mlango. Baaba akaenda selo.

Ato Abakah alikuwa amekaa sakafuni, amevua viatu na kuvipanga pamoja kama aliyeingia nyumba ya watu. Hakuwa amefika miaka thelathini.

"Mwalimu, watu wanasema Jumamosi ulizozana na Egya Otoo."

"Tulibishana, Madamu. Kweli."

Nyuma ya Baaba, Dzokoto alivuta pumzi kwa nguvu. Naye Baaba aliishika nondo ya mlango. Ikiwa mwalimu mwenyewe anakiri, maelezo ya uongo huenda yameangukia kwenye ukweli.

"Mlibishana nini?"

"Neno."

"Neno gani?"

"La kwenye barua." Mwalimu alijifuta uso. "Bandani kwa Bwana Eshun, mwenye mashamba, kuna mapipa ya dawa ya kuchovyea mananasi. Wasichana wawili wanaochovya walianza kutapika damu. Mmoja tumemzika mwezi wa kumi. Egya Otoo alitaka watu wa afya kule Accra waje kuyapima hayo mapipa. Yeye hakujua kuandika, akaja kwangu. Mimi nikaandika kwamba sisi tunatofautiana na mwenye banda juu ya usalama wa dawa ile. Niliweka 'disagree'. Jumamosi akaniuliza, hilo neno lina uzito gani?"

"Aliuliza uzito?"

"Alikuwa mpima, Madamu. Kila kitu kwake kilikuwa na uzito. Nikamwambia, labda kilo moja. Ni neno la watu wanaokunywa chai pamoja. Akapaza sauti: 'Mwalimu, mtoto wa watu amekufa, nawe unaniwekea kilo moja mizanini? Niwekee neno la kumwinua mtu mkubwa kitini!' Nami nikapaza yangu. Nikamwambia maneno makubwa yanarudi kumpiga aliyeyarusha." Akavisogeza viatu vyake. "Niliogopa, ndiyo kweli yake. Nilichagua neno dogo nipate pa kujificha."

"Mkaishia wapi?"

"Akashinda yeye. Tukakubaliana ipigwe upya, isemwe waziwazi kwamba dawa imeua. Akaondoka nayo mwenyewe kwenda kupigisha taipu. Sikumwona tena."

"Kwa nani?"

"Kuna taipu moja tu mjini, Madamu."

Taipu hiyo ilikuwa kwenye baraza ya posta, juu ya meza yenye miguu mitatu na tofali moja. Mzee Kuntu, mwandishi wa barua, alikuwa nyuma yake, kashika miwani, hapigi chochote. Dole gumba lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Mzee wangu, pole na kidole."

"Kisu cha kumenyea muhogo, binti yangu. Uzee hauoni makali."

Baaba alivuta kigoda, akaketi. Juu ya meza kulikuwa na daftari lililofunguka, kurasa zake zimelegea kwa kushikwa. Upande mmoja kulikuwa na maneno ya Kiingereza ya ugomvi, kuanzia laini hadi makali, na upande wa pili, kwa mwandiko mzuri wa zamani, maelezo kwa Kifante. Aliligeuza limwelekee.

"Hii ni ngazi?"

Licha ya yote, uso wa mzee ulichangamka. "Miaka arobaini nimeipanga. Vijana wa siku hizi wanadhani ugomvi ni ugomvi tu. Tazama. 'Misunderstanding', hilo ni la mume na mke wanaotaka kurudiana. Ukiliandika, kesi inakwisha kabla ya kuanza. 'Disagree' ni la wakubwa, na wenye tai shingoni. 'Argue' la mpira na la shule. 'Quarrel' ni la sokoni, hilo lina mate ndani yake. Mteja akija analia, mimi namsikiliza kwanza, nampima, ndipo najua nimpandishe kidato kipi."

"Kazi kubwa, Mzee. Sasa mimi nina shida nawe. Nataka neno lililopita 'quarrel', lakini lisifike kwenye kupigana. Liwe karibu na damu bila kuwa damu."

"Naye aliuliza hivyo hivyo..." Mzee Kuntu alifunga mdomo. Miwani ilimponyoka, ikaangukia funguo za taipu.

"Yeye nani?"

Barabarani, ndani ya vumbi, pikapu ya buluu ilipita ikitambaa. Haikupiga honi. Mzee aliifuata kwa macho mpaka ikamezwa na weupe, na jasho likamtoka juu ya mdomo ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi kavu.

"Mzee, fungua kitambaa."

Alikifungua taratibu, kama anayefungua kidonda cha mtu mwingine. Hapakuwa na jeraha jipya. Palikuwa na kovu la zamani, la mshazari. Baaba alitoa kibweta cha wino, na mzee akampa mkono bila kuombwa mara ya pili. Alama ilipotoka, hakuitazama.

"Niliiona barua ya Otoo Jumamosi jioni," alinong'ona. "Eshun ndiye mwenye nyumba ninayolala. Nikamwonyesha. Nilidhani atamwita, watafokeana, yatakwisha. Watu wote wazima hufokeana yakaisha! Jumapili mchana akaja hapa, kakaa palepale ulipokaa. Akasema mwalimu ndiye aliyeua, mji mzima unajua, kilichobaki ni karatasi. Nikaandika tano."

"Ukabonyeza tano."

"Wengi huniomba niwabonyezee. Hilo ndilo nitakalosema mahakamani, kwamba waliniomba. Na wale wanne watakubali, kwa sababu wanachovya mananasi kwake."

"Na Tsetsewa? Yeye hafanyi kazi kwa mtu."

"Wanne niliwaona wachache. Nikadhani yeye hatajua. Huja mjini siku za soko tu." Mzee alianza kulifunga tena lile kovu. "Sitaandika uliyoyasikia, binti yangu, wala sitatia sahihi. Nimeshaandika vya kutosha. Ukiniita shahidi, nitasema uliota."

Baaba alivuka barabara haraka kuliko alivyokuja. Aliyakokotoa njiani. Mzee angekana. Wale wanne wangekubali walichoandikiwa. Ili maelezo yale matano yaanguke, alihitaji mtu mmoja aliye hai aseme, 'Hili si langu.' Na mtu huyo alikuwa mmoja tu katika mji wote, amekaa kwenye benchi la kituo na mikono ndani ya kitenge.

Pikapu ya buluu ilikuwa imeegeshwa mbele ya kituo.

Ndani, mtu mmoja mrefu, mwenye shati safi na harufu ya marashi, alikuwa ameketi kwenye benchi hilohilo, ubavu kwa ubavu na Tsetsewa. Mkononi alikuwa na donge jeusi la sabuni, analinusa. Dzokoto alisimama kwenye kaunta kama mti uliopandwa pale.

"Ah, Madamu!" Bwana Eshun aliinuka kwa adabu. "Karibu Abrobekrom. Tulikuwa tunazungumza habari za sabuni. Nimepita kwa Maame asubuhi hii kununua, mlango nikaukuta wazi."

"Niliufunga," alisema Tsetsewa. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Basi upepo. Upepo wa kaskazini una mikono siku hizi." Aliliweka donge mapajani mwa mwanamke, polepole. "Mtu mzima asiache nyumba yake peke yake, ndiyo nilikuwa namwambia. Majivu yakishika moto, nani atajua yalianzaje?"

"Bosi, tukusaidie nini?" aliuliza Baaba.

"Mimi? Hakuna. Nimekuja kushukuru. Nasikia gari linakuja kumchukua mwalimu saa sita. Vizuri sana. Mji upate kupumua."

Alipiga hatua mbili, akamwinamia Dzokoto kwa heshima, akatoka. Injini iliwashwa, lakini sauti yake haikwenda mbali.

"Sajenti, umeita gari mkoani?"

"Hapana, Madamu."

"Mimi pia sikuita."

Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika ishirini. Tsetsewa alikuwa amesimama. Donge la sabuni lilimdondoka, akaliacha.

"Mwanangu, mimi nilikuja kwa sababu sikusema kitu. Basi iwe hivyo hivyo. Sikusema kitu, na sasa sitasema kitu."

"Usiposema, watampeleka mwalimu kwa mdomo wako."

"Nina mdomo mmoja na nyumba moja." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Unajua njia ya kwangu? Nusu saa katikati ya mananasi yake. Kushoto mananasi yake, kulia mananasi yake. Nitapita vipi pale nikishasema?"

"Unataka nikufanyie nini?"

Mwanamke alimtazama muda mrefu. "Nirudishe. Wewe, si mwingine. Kwa miguu, mpaka mlangoni. Usigeuke mpaka umesikia komeo limeingia."

"Nakuahidi."

"Ahadi ya polisi?"

"Ya Baaba. Polisi simsemei."

Tsetsewa akaketi.

Baaba hakuandika kwa Kiingereza kwanza. Alichukua karatasi tatu na kaboni mbili, akaandika Kifante kama kilivyotoka, kwa herufi alizofundishwa shule ya msingi na ambazo tangu hapo hakuwahi kuzitumia kazini. *Jumamosi nilikuwa mazishini. Sikumwona mwalimu. Sikumwona Otoo. Sijapata kusema walizozana, wala walitofautiana, wala walichekeana. Kidole kilichobonyezwa si changu, kwa sababu mimi sina kidole cha kubonyeza; kililiwa na sabuni.* Ndipo akaweka Kiingereza chini yake, kifupi, bila neno lolote la polisi. Akasoma chote kwa sauti. Mwanamke alirekebisha mahali pawili, akabonyeza doa lake na kando yake akachora msalaba. Dzokoto alitia sahihi ya shahidi.

Saa sita kasoro dakika kumi, gari la polisi lilisimama nje. Dereva, koplo kijana mwenye miwani ya jua, aliingia na barua.

"Salamu kutoka kwa Mrakibu, Madamu. Jalada, mahabusu na wewe. Sasa hivi."

"Nipe saa moja na nusu."

"Nimeambiwa nisizime injini." Aliishusha sauti, hakuwa mtu mbaya. "Mtu amepiga simu kule, Madamu, Mrakibu anawaka. Amesema usipokuwemo garini, kesi anapewa mwingine mchana huu huu, na wewe kesho uripoti kitengo cha trafiki. Panda tu, dada. Hayo mengine mtayamaliza huko."

Baaba alilitazama jalada. Alitaka yeye mwenyewe aliweke mezani kwa Mrakibu, aziweke zile alama tano chini ya lenzi mbele ya macho yake. Jalada linalosafiri peke yake hupoteza kurasa; alishaona majalada yakifika na majalada yasifike.

"Gari linaweza kupita njia ya mashamba?"

"Ile ya miguu? Haliwezi."

Tsetsewa alikuwa anaangalia sakafu, na alianza kukifunga upya kitenge chake kama mtu anayejua kwamba anakwenda peke yake.

Baaba alichukua kalamu. Kwenye jalada, mahali pa sahihi ya mkaguzi, aliandika: *Maelezo yote matano yana alama ya dole moja. Alama ya mwenye dole hilo imeambatishwa, pamoja na kukana kwa shahidi wa nne. Sijaridhika. Mahabusu asifikishwe mahakamani kwa jalada hili.* Akatia jina lake lote. Alilifunga kwa uzi, akalipiga lakiri, akampa dereva.

"Bila sahihi yangu ya kuridhika, mahabusu hatoki selo. Mrakibu analijua hilo."

"Na wewe, Madamu?"

"Mwambie nimemsindikiza mtu."

Koplo alivua miwani yake. Alionekana kutaka kusema zaidi, akaghairi, akatoka. Gari liliondoka na kiti kitupu.

Dzokoto alikuwa tayari amekunja nakala ya kaboni mara nne na kuitia ndani ya kofia yake. "Mimi nitakaa mlangoni kwa mwalimu," alisema. "Uji wangu nitaunywea hapo hapo. Atakayemtaka anipite mimi, na kama unavyoona, Madamu, kunipita ni safari."

Hakuna aliyecheka, lakini Tsetsewa alimgusa bega alipopita.

Njia ilikuwa nyembamba, nyekundu, na majani ya mananasi yaliwachoma miguuni kila upande. Vumbi lilificha kila kilichokuwa mbali zaidi ya hatua hamsini. Walitembea mmoja mbele, mmoja nyuma. Baaba hakuwa na silaha. Wapelelezi wa mkoa walipewa bastola kwa maombi maalumu, naye alikuja kwa kazi ya nusu siku.

Dakika ya kumi, waliisikia injini. Ilikuwa kwenye barabara ya matrekta, sambamba nao, upande wa kulia. Walipokwenda, ilikwenda. Tsetsewa aliposimama kuondoa mwiba, nayo ilisimama.

"Usigeuke," alisema mwanamke.

"Sigeuki."

"Zungumza nami basi. Kimya kinanipandisha moyo kooni."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Huko mnakoandika, mna maneno mangapi ya watu kutopatana?"

"Mengi, Maame. Kuna daftari zima."

"Na hili linalotufuata mnaliitaje?"

Baaba alifikiri hatua kadhaa. Injini ilikohoa upande wa kulia. "Bado hatujaliandika," alisema.

Nyumba ilitokea ghafla ndani ya weupe: kuta za udongo, paa la bati, jiko la sabuni kando. Mlango ulikuwa wazi. Baaba alimwacha Tsetsewa ukutani, akaingia kwanza. Chumba kimoja, kitanda, sanduku, picha ya shangazi iliyotoka mazishini. Hapakuwa na mtu. Jikoni, chungu kikubwa cha maji ya majivu kilikuwa kimepinduliwa, na katikati ya tope jeusi kulikuwa na alama moja ya kiatu, kubwa, yenye kisigino kilichonyooka. Aliipima kwa shubiri, akaichora kwenye daftari lake, akaandika saa.

"Kuna mtu?" aliuliza Tsetsewa kutoka nje.

"Hakuna. Wamekumwagia majivu tu."

Mwanamke aliingia, akakitazama chungu chake. Alikiinua, akakigeuza kuona kama kimepasuka. Hakikupasuka. Akakiegemeza ukutani.

"Majivu yapo mengine," alisema.

Kule kwenye barabara ya matrekta, injini ilizimwa. Mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa. Baada yake kikabaki kimya, nacho kilikuwa kibaya kuliko mngurumo.

"Ingia, Maame."

Tsetsewa alisimama kwenye kizingiti, mkono juu ya ubao. Alimtazama msichana huyu wa mkoani, viatu vyake vimejaa tope jekundu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliitoa mikono yake yote miwili nje ya kitenge.

"Na wewe, nani atakusindikiza?"

"Funga mlango."

"Baaba."

"Funga, mama. Nasikiliza."

Komeo la juu liliingia. Inspekta hakuondoka. Alisubiri mpaka la chini nalo likasuguana na chuma chake na kugota, ndipo akageuka, akashika njia ileile katikati ya mananasi.